Maji, Picha na Maelezo Yake: Mfano wa Turiani na Bonde la Wami

1. Utangulizi

Mji wa Turiani umekaa chini ya Milima ya Nguru, katika Wilaya ya Mvomero, Mkoa wa Morogoro. Mito inayoshuka kutoka misitu ya milima hiyo, ikiwamo Diwale na Mkindo, hupita katika mashamba ya miwa na mpunga kabla ya kuingia Mto Wami, nao Wami huyapeleka maji hayo hadi Bahari ya Hindi. Kusini yake, Milima ya Uluguru huyatoa maji ya Mto Ruvu, ambayo wakazi wa Dar es Salaam wameyategemea kwa miongo mingi. Kwa hiyo Morogoro ni mkoa ambao historia yake haiwezi kuandikwa bila kutaja maji.

Kwa muda wa zaidi ya karne moja uhusiano wa watu na maji katika Afrika Mashariki umepigwa picha mara nyingi mno. Wamisionari, maofisa wa serikali za kikoloni, wapiga picha wa biashara, watafiti, mashirika ya misaada na waandishi wa magazeti wote wamemwelekezea kamera mtu aliye kisimani au mtoni. Pengine hakuna taswira ya Mwafrika iliyosambaa duniani kuliko ile ya mwanamke aliyejitwika chombo cha maji. Hata hivyo, wingi wa picha hizo haujaleta wingi wa maarifa. Mara nyingi mtazamaji huambiwa kwamba huyu ni mwanamke na yale ni maji, basi. Jina la mto halitajwi, wala jina la chombo, wala tendo lenyewe.

Mhadhara huu unachunguza pengo hilo. Hoja yake kuu ni kwamba picha ya mtu na maji haisomeki kama hati ya kihistoria mpaka isomwe kwa msaada wa lugha ya watu waliomo ndani yake. Leksika ya Kiswahili inayohusu maji, yaani majina ya vyombo, vitenzi vya kuteka na kubeba, na istilahi za upigaji picha wenyewe, ni ushahidi ambao kamera peke yake haikuweza kuunasa. Ushahidi huo ukipotea, picha zitabaki, lakini zitakuwa bubu.

2. Maji na historia ya Turiani

Wenyeji wa asili wa eneo la Turiani ni Wanguu na Wazigua, na kwa miaka mingi wameishi pamoja na Waluguru, Wakaguru, Wamaasai na watu wengine waliovutwa na ardhi yenye rutuba. Maji ndiyo yaliyoamua makazi yao, maana mkulima wa mpunga alitafuta bonde, mfugaji akatafuta malisho ya kiangazi, na kila mmoja akafuata mto.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wameanzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, walifungua kituo cha Mhonda, karibu na Turiani, mwaka 1877. Familia za Kikristo zilizotoka Bagamoyo, wengi wao wakiwa watu waliokombolewa utumwani, zilishiriki kukianzisha. Vituo vya misheni vilihitaji mto usiokauka kwa ajili ya bustani, ujenzi na ubatizo, na Mhonda palikuwa na neema hiyo. Inafaa ikumbukwe pia kwamba watu hao walikuja na Kiswahili cha pwani. Hivyo msamiati wa pwani ulikutana mapema na lugha za Kizigua na Kinguu katika mazingira ya mito ya milimani.

Katika karne ya 20 maji ya Turiani yaligeuka kuwa nguvu ya viwanda. Kiwanda cha sukari cha Mtibwa na mashamba yake ya miwa viliyategemea maji ya mito ya hapo, na viliwaleta vibarua kutoka mikoa mingine. Huko Mkindo ulijengwa mradi wa umwagiliaji wa mpunga. Mahitaji yalipoongezeka, migogoro nayo iliongezeka. Bonde la Mgongola, kwa mfano, limekuwa chanzo cha mvutano mkali wa muda mrefu kati ya wakulima wa Mkindo, Hembeti na Dihombo kwa upande mmoja, na wafugaji wa Kambala kwa upande mwingine. Januari 2014 maji yaleyale yalikuja kwa sura nyingine: mafuriko yaliyakumba maeneo ya Magole na Dumila, yakaharibu makazi na kukata barabara kuu ya Morogoro na Dodoma.

Kutokana na historia hii ni dhahiri kwamba hakuna uhusiano mmoja wa watu wa Turiani na maji. Maji yaleyale kwa mmoja ni mpunga, kwa mwingine mshahara wa kiwandani, kwa wa tatu uhai wa ng'ombe, na katika mwaka wa mafuriko ni adui wa wote. Picha inayodai kuonyesha “maji na watu” bila kueleza ni maji gani na watu gani huyafuta mambo hayo yote.

3. Kuingia kwa picha na majina yake

Upigaji picha ulifika katika mwambao wa Afrika Mashariki mapema. Katika safari ya Mfaransa Charles Guillain ya miaka ya 1846 hadi 1848, picha za awali zilizopigwa kwenye bamba za shaba zilizopakwa fedha zilichukuliwa katika miji ya pwani, kisha zikachapishwa kwa michoro. Mwaka 1860 James Augustus Grant alipiga picha Unguja kabla ya kuelekea bara pamoja na John Hanning Speke. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alifungua studio yake ya Capital Art mjini Zanzibar. Kwa upande wa bara, reli iliyoanza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Morogoro mwaka 1907, na baada ya hapo mizigo ya kamera na vioo haikuhitaji tena kubebwa na wapagazi kwa majuma kadhaa. Miongoni mwa waliofanya kazi katika koloni la Wajerumani wakati huo alikuwamo Walther Dobbertin, mpiga picha wa biashara wa Dar es Salaam, ambaye mkusanyo wake umehifadhiwa katika Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani.

Kiswahili kilikipokea chombo hiki kipya kwa maneno matatu, na kila neno lina mtazamo wake. La kwanza ni *sanamu*, ambalo asili yake ya Kiarabu hurejelea kinyago cha kuabudiwa. Kwa mtumiaji wa neno hili, mfano wa mtu si jambo jepesi, kwani unagusa mjadala wa kidini juu ya uhalali wa kuvifanyiza viumbe vyenye roho. La pili ni *taswira*, ambalo pia lina asili ya Kiarabu na linatokana na tendo la kuumba sura. Neno hili limepata makao katika fasihi, na leo mhakiki wa ushairi hulitumia zaidi kuliko mwenye studio. La tatu ni *picha*, lililotoholewa kutoka Kiingereza, ambalo ndilo lililoshinda katika matumizi ya kila siku.

Kitenzi kilichoambatana na *picha* kinastahili kuangaliwa. Mswahili *hupiga* picha, kama apigavyo ngoma, pasi, simu au mstari. Kitenzi *piga* katika miundo ya namna hii kinaonyesha tendo lifanywalo kwa chombo, na hakisemi kwamba kuna kitu kilichotwaliwa. Wazungumzaji wa siku hizi wanaosema *kuchukua picha* wameingiza, bila kukusudia, mtazamo wa lugha nyingine ambamo picha ni mali inayoondolewa mahali fulani na kupelekwa kwingine. Historia ya picha za kikoloni, hata hivyo, inaupa msemo huo ukweli wa kusikitisha, kwa sababu picha nyingi za Morogoro zilichukuliwa kwa maana halisi ya neno hilo na hazikurudi.

Kuna ufanano mwingine wa kiisimu unaofaa kutajwa. Kamusi za Kiswahili huorodhesha maana mbili za *teka*: kupata maji kutoka kisimani au mtoni, na kutwaa watu au mali kwa nguvu. Kitenzi cha kazi ya kila asubuhi kinatamkwa sawa na kitenzi cha vita. Katika bonde ambalo njia za misafara na za biashara ya watumwa zilipita jirani, mtu aliyekwenda kuteka maji mbali na nyumbani aliweza kutekwa yeye mwenyewe. Picha ya kisima tulivu haiwezi kueleza hofu hiyo.

4. Picha na maji katika chumba cha giza

Kabla ya enzi ya kamera za dijitali, picha yenyewe ilizaliwa majini. Karatasi iliyopigwa mwanga iliwekwa katika sinia yenye dawa ya kuibua sura, ikahamishiwa katika dawa ya kusitisha, kisha katika dawa ya kuimarisha, na mwishoni ikaoshwa kwa muda mrefu katika maji yanayotiririka. Karatasi ambayo haikuoshwa vizuri ilibaki na mabaki ya dawa, na baada ya miaka michache ilianza kugeuka manjano. Maji yenye tope nayo yaliacha madoa na mikwaruzo kwenye mkanda. Kwa hiyo mpiga picha wa bara alikuwa mteja mkubwa wa maji, na ubora wa kazi yake ulitegemea mto alioutumia kama ulivyotegemea kamera.

Lugha ya studio ililiweka wazi jambo hili. Watanzania walisema *kusafisha picha* au *kuosha picha*, na *kusafisha mkanda*. Lugha nyingine zilichagua maneno yenye maana ya kufunua au kukuza, lakini Kiswahili kilichagua kitenzi cha mfuaji nguo na mwosha vyombo. Mteja aliyeambiwa “picha zako bado hazijasafishwa” alielewa kwamba sura yake ingali mahali penye maji na giza, inangoja kutakata. Aidha, kemikali zilizotumika ziliitwa *dawa*. Katika chumba cha giza, basi, maji na dawa ndivyo vilivyompa mtu sura, na uhusiano huo wa maji na dawa una historia ndefu kuliko kamera, kama itakavyoonekana katika sehemu ya sita.

Kamera za dijitali na simu za mkononi zimeondoa maji katika kazi hii. Kijana wa Turiani hupiga picha na kuiona papo hapo. Kitenzi *kusafisha* kimeendelea kutumika kwa baadhi ya watu wenye maana ya kuchapisha picha kwenye karatasi, ingawa hakuna tena kinachooshwa. Huu ni mfano wa neno linaloendelea kuishi baada ya teknolojia yake kufa, na kwa mwanahistoria wa lugha neno kama hilo ni hati.

5. Vyombo na vitenzi kama tarehe

Picha nyingi za zamani hazina tarehe. Hapa leksika ya vyombo inaweza kusaidia. Chombo cha kale cha kubebea maji katika sehemu nyingi za Morogoro kilikuwa *mtungi* wa udongo, pamoja na *kibuyu*, na maji yalichotwa kwa *kata*. Kisha likaja *debe*, neno lenye asili ya Kihindi, ambalo lilikuwa kopo la bati la mafuta ya taa lenye ujazo wa galoni 4, yaani takriban lita 18. Mafuta yakiisha, bati lilipata maisha ya pili: lilibebea maji, likapimia nafaka, na likikunjuliwa likaezeka paa. Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ilienea *ndoo* ya plastiki, na baada yake *dumu* lenye mfuniko. Kwa upande wa miundombinu, *kisima* na *mto* vilipata mwenzao *bomba*, neno lililotokana na Kireno.

Kwa hiyo picha yenye madebe haiwezi kuwa ya kabla ya kuenea kwa mafuta ya taa, na picha yenye ndoo za plastiki haiwezi kuwa ya zama za Wajerumani. Hata hivyo, mbinu hii inahitaji tahadhari. Mtungi haukutoweka debe lilipofika. Udongo wa mtungi hupitisha unyevu kidogo kidogo, na unyevu huo ukikauka huyapoza maji yaliyomo, jambo ambalo bati na plastiki haviwezi kulifanya. Matokeo yake ni kwamba mtungi ulishuka kutoka kichwani ukakaa pembeni mwa nyumba, ukawa chombo cha kuhifadhia maji ya kunywa. Mtafiti anayeona mtungi katika picha anapaswa kwanza kuuliza uko wapi: njiani au nyumbani?

Vitenzi navyo hufunua yale ambayo fremu imeyakata. Kiswahili kinatofautisha *kuteka*, *kuchota* na *kukinga*: maji hutekwa kisimani au mtoni, huchotwa kwa chombo kidogo, na hukingwa yanapotoka juu, kama ya mvua kwenye paa. Muhimu zaidi ni jozi ya *kutwika* na *kutua*. *Kutwika* ni kumwekea mwingine mzigo kichwani. Anayefanya hivyo peke yake huhitaji kambishi ya kujirejea: *amejitwika*. Muundo huu wa sarufi unaonyesha kwamba tendo la msingi ni la watu wawili. Mtungi uliojaa ni mzito, na aliyeubeba alihitaji mwenzake wa kumtwika mtoni na wa kumtua nyumbani.

Katika kadi za posta za enzi ya ukoloni mwanamke mwenye mtungi husimama aghalabu peke yake, mfano wa uzuri au wa taabu, kwa kadiri mnunuzi alivyopenda. Lugha inamkumbuka mtu wa pili ambaye picha imemwacha nje. Inakumbuka pia mazungumzo ya njiani, zamu za kisimani, na habari za kijiji zilizofika nyumbani pamoja na maji. Uhusiano wa karibu wa watu na maji, ambao wapiga picha wengi wamedai kuutafuta, ulikuwa pia uhusiano wa watu na watu kwa njia ya maji.

6. Kisichopigwa picha

Si kila uhusiano na maji ulikubali kupigwa picha. Katika Uluguru, Kolelo alijulikana kama nguvu iliyokaa pangoni na iliyohusishwa na mvua, rutuba na mavuno, na watu walisafiri kutoka mbali, hata Uzaramo, kupeleka maombi yao. Ukoo wa Kingalu wa Kinole ulikuwa na sifa ya kuiombea nchi mvua. Maeneo ya matambiko, yakiwamo mapango na chemchemi, yalilindwa kwa miiko, na baadhi ya misitu inayozunguka vyanzo vya maji ilinusurika kwa sababu ya miiko hiyo.

Mfano mkubwa zaidi ni Vita vya Maji Maji, vilivyoanza Julai 1905 katika nchi ya Wamatumbi na kuenea hadi sehemu za Morogoro. Wanahistoria wameyahusisha mafundisho ya Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe na imani za Kolelo na Bokero. Dawa iliyotolewa ilikuwa maji, ambayo kwa kawaida hutajwa kuwa yalichanganywa na mafuta ya mbarika na punje za mtama. Waliyanywa, wakanyunyiziwa, wakaenda vitani. Picha zinazojulikana za vita hivyo zinaonyesha upande wa serikali: askari, maofisa, mateka wenye minyororo. Maji yenyewe, ambayo yalikuwa kiini cha vita, yamehifadhiwa katika maneno. Mwaka 1968 wanafunzi na wahadhiri wa historia wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walikusanya masimulizi ya wazee katika wilaya mbalimbali, na ni katika masimulizi hayo, mengi yakiwa kwa Kiswahili, ndipo tendo la kupokea maji linapoonekana.

Kuna pia suala la stara. Mtoni watu huoga, na jamii nyingi za Morogoro ziliweka sehemu ya wanawake na sehemu ya wanaume. Mpita njia alipaswa kupaza sauti kabla ya kufika. Kamera ya kikoloni aghalabu haikubisha hodi, na matokeo yake ni picha za watu wakioga ambazo leo zimo katika maktaba za mbali. Msomi anayezichapisha upya kwa nia njema anarudia kosa lilelile asipojiuliza kama waliomo wangeridhia. Dhana ya *stara* si kikwazo cha utafiti. Ni kanuni ya maadili iliyokuwapo kabla ya taasisi yoyote kutunga kanuni zake.

7. Picha za maendeleo na picha za hiari

Baada ya uhuru picha ya maji ilipata kazi mpya. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilianza mpango wa miaka 20 wa kufikisha maji vijijini, kwa lengo kwamba ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Lengo hilo halikutimia katika muda huo, na Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliurudia umbali uleule. Picha za viongozi wakifungua bomba na kunywa bilauri ya kwanza zilienea magazetini, na nyingi zilipigwa na Idara ya Habari, ambayo Watanzania wengi huijua kwa jina fupi la Maelezo. Jina hilo lina funzo: picha rasmi ya taifa ilitoka katika ofisi iitwayo Maelezo, lakini maelezo yaliyoandikwa chini ya picha yalimtaja waziri na mara chache yalimtaja mtekaji maji aliyesimama kando.

Watafiti nao walikuja. Gilbert White, David Bradley na Anne White walichunguza matumizi ya maji katika sehemu 34 za Kenya, Uganda na Tanzania katika miaka ya 1960, na mwaka 1972 wakachapisha *Drawers of Water*, yaani wateka maji. Watafiti wengine walipozirudia sehemu hizo miaka 30 baadaye, waligundua kwamba katika nyumba zenye bomba kiasi cha maji kilichotumiwa na kila mtu kwa siku kilikuwa kimepungua hadi karibu nusu. Picha ya ufunguzi wa bomba ilikuwa ya kweli siku ilipopigwa. Haikuweza kusema bomba lingetoa maji kwa miaka mingapi.

Katika miaka ya karibuni serikali imetumia kaulimbiu ya *kumtua mama ndoo kichwani*. Kwa mujibu wa uchambuzi wa hapo juu, kaulimbiu hii imeteuliwa kwa ustadi, kwa kuwa imechukua kitenzi cha msaada wa jirani na kukifanya wajibu wa dola. Hata hivyo, imemrithi yule mwanamke wa kadi ya posta, ambaye angali amesimama na mzigo wake akingoja mtu wa nje.

Pembeni mwa picha hizo rasmi kulikuwa na picha ambazo watu walizitaka na kuzilipia wenyewe. Ushahidi ulioelezwa vizuri zaidi unatoka Mombasa, kwenye kivuko cha Likoni, ambako katika miaka ya 1990 wapiga picha walijenga vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, bahari na ndege. Mtafiti wa Kijerumani Heike Behrend amezichunguza studio hizo kwa kina. Wateja wengi walikuwa wafanyakazi waliotoka bara, na picha zilipelekwa nyumbani kuonyesha kwamba aliyeondoka amefika mbali. Bahari ya kwenye pazia ilikuwa ya matumaini, ilhali ile iliyokuwa hatua chache kutoka hapo ilikuwa ya hatari: tarehe 29 Aprili 1994 kivuko cha Mtongwe, jirani na Likoni, kilizama na kuua zaidi ya watu 270. Mteja aliyesimama mbele ya meli iliyochorwa aliijua bahari zote mbili.

Mashamba ya miwa ya Mtibwa nayo ni mahali pa vibarua waliotoka mbali, na kwa mtafiti wa Turiani mfano wa Likoni unaelekeza pa kutafuta: katika masanduku na albamu za familia, ambako watu walijipiga picha walivyotaka waonekane. Hali hiyo ya mtu kuamua sura yake mbele ya maji inaonekana pia katika kazi ya Mwethiopia Aïda Muluneh. Mwaka 2018, kwa kuagizwa na shirika la WaterAid, alitengeneza mfululizo wa picha katika eneo la Afar, akiwavika wanawake mavazi ya rangi kali na kuzipanga kama tamthilia. Kazi yake ilihusu ukosefu wa maji kama zilivyohusu picha nyingi zilizotangulia, lakini waliomo hawakuombewa huruma.

8. Hitimisho

Desemba 2008 Hifadhi ya Nyaraka ya Shirikisho la Ujerumani iliruhusu zaidi ya picha 80,000 zitumike kwa uhuru kupitia mtandao, zikiwamo za mkusanyo wa Dobbertin. Kwa mara ya kwanza mwanafunzi wa Morogoro angeweza kuziona picha za nchi yake bila kusafiri hadi Ulaya. Lakini picha zilirudi na maelezo yake ya zamani, yaliyoandikwa kwa Kijerumani na watu ambao mara nyingi hawakuuliza jina la mto. Kurudishwa kwa picha bila kurudishwa kwa maelezo ni nusu ya kazi.

Nusu iliyobaki ni ya wanafunzi wa Kiswahili. Kazi hiyo haihitaji mitambo ya gharama. Inahitaji mtu aichukue picha, akae na mzee wa Mhonda, Mkindo au Kinole, na aandike mambo manne: jina la maji hayo, jina la chombo, kitenzi cha tendo linalofanyika, na kama ni jambo la kuonyeshwa hadharani au la kusitiriwa. Pale ambapo mzee atatumia neno la Kizigua, Kinguu au Kiluguru ambalo Kiswahili hakina, neno hilo liandikwe lilivyo, maana ndiyo njia ambayo Kiswahili kimekua siku zote.

Kazi hii ina muda wake. Wanaoujua mtungi kwa kuubeba, na si kwa kuuona katika jumba la makumbusho, wanapungua kila mwaka. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Picha inaweza kungoja ndani ya sanduku miaka 100 na ikatoka salama, lakini aliyemtwika mwenzake mzigo siku ile picha ilipopigwa hawezi kungoja hivyo, na jina lake halikuandikwa popote.